Ruzuku za tabianchi: kikundi cha pembezoni kibishe mlango upi?

Kikundi kinachotafuta ruzuku ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi huangalia kwanza kiwango cha juu cha fedha kinachotangazwa. Tungeshauri kianze na mambo matatu mengine: fedha zinaingia akaunti ya nani, zinakuja kwa awamu ngapi, na nani anabeba gharama awamu inayofuata ikichelewa. Kwa kikundi ambacho hakina hata akiba ya mwezi mmoja, dola 20,000 zinazolipwa mapema zina faida kuliko dola 200,000 zinazorejeshwa baada ya kutumia.

Hapa tumeweka pamoja njia nne ambazo fedha hizi hupitia hadi kuzifikia jamii zilizoachwa pembezoni: wafugaji, wavuvi wadogo, jamii za asili, wakazi wa mitaa isiyopimwa, wanawake wanaolima ardhi isiyo na hati yenye majina yao, watu wenye ulemavu. Jedwali ni la kupitisha jicho tu. Uamuzi uko kwenye maelezo yanayofuata.

| | Ruzuku ndogo ya moja kwa moja | Dirisha la kugawa fedha za mfuko mkubwa | Mfuko wa tabianchi wa serikali ya mtaa | Ruzuku kubwa ya serikali kuu |
|---|---|---|---|---|
| Kiasi | Elfu chache hadi makumi ya maelfu ya dola | Makumi hadi mamia ya maelfu | Hutegemea bajeti ya mwaka | Mamia ya maelfu hadi mamilioni |
| Anayeamua | Kamati ya kitaifa au washauri wa eneo | Kamati ya taasisi ya kati | Kamati ya wananchi, kisha serikali | Wizara au wakala wa serikali |
| Akaunti | Ya kikundi | Ya kikundi au ya mlezi wake (taasisi inayopokea fedha kwa niaba yake) | Ya serikali ya mtaa | Ya mwombaji mkuu |
| Malipo | Mapema, kwa awamu | Kwa awamu, chini ya masharti mazito | Serikali humlipa mkandarasi | Mara nyingi kwa kurejeshewa |
| Kinachokwama | Pengo kati ya awamu | Ngazi nyingi za kuidhinisha | Mwaka wa fedha na siasa | Mtaji wa kuanzia, na kufutwa |

Ruzuku ndogo ya moja kwa moja

Mfano unaojulikana zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, iliyoanza mwaka 1992 chini ya usimamizi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na ambayo imefanya kazi katika zaidi ya nchi 120. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja ya kawaida kilikuwa dola 50,000, na nyingi zilitoka chini ya hapo. Kila nchi ina mratibu wake na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Kamati hiyo ndiyo inayopitisha au kukataa. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, soma mkakati wa nchi wa awamu inayoendelea: umetaja maeneo na mada zinazopewa kipaumbele, na andiko zuri lililo nje ya maeneo hayo hurudishwa bila kusomwa hadi mwisho.

Kitu kimoja kinachosahaulika ni kwamba programu hii hupokea maombi kwa lugha za wenyeji, na pengine kwa video au maelezo ya mdomo. Kikundi cha wazee wasioandika hakina sababu ya kumkodi mwandishi wa maandiko anayedai asilimia ya ruzuku. Malipo ya namna hiyo hayakubaliki kwenye bajeti ya mfadhili yeyote tunayemfahamu, na mkaguzi akiyakuta ni kikundi kinachorudisha fedha.

Pia wapo wafadhili kama Global Greengrants Fund, ulioanzishwa mwaka 1993, ambao hutumia washauri wanaoishi na kufanya kazi katika maeneo husika kupendekeza vikundi. Huko hakuna tangazo la kusubiri. Kazi yako ni kufahamika kwa mshauri: mwalike aje aone kazi, usimtumie kurasa thelathini.

Sasa tuangalie pengo lenyewe, maana ndilo linalotesa. Chukua ruzuku ya dola 40,000 inayotolewa kwa asilimia 50, 40 na 10. Awamu ya kwanza ni 20,000. Mkataba unasema huruhusiwi kuomba awamu ya pili hadi utumie asilimia 80 ya ya kwanza, yaani 16,000, na ripoti ikubaliwe. Unabaki na 4,000. Mshahara wa msimamizi, mafuta, mlinzi na mawasiliano ni 1,500 kwa mwezi. Ripoti ikisomwa, ikarudishwa mara moja kwa marekebisho na kupita ndani ya wiki kumi, umeshatumia takriban 3,500. Risiti moja ikipotea na majibu yakaongezeka mwezi, mfuko umekauka na fundi ameondoka na vifaa vyake.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya mwisho, dola 4,000, inayokuja baada ya ripoti ya mwisho. Kazi yake inatakiwa iwe imekamilika kabla fedha hazijaingia. Nani amekopesha? Kwa kawaida ni muuza vifaa, ambaye naye ataongeza bei mara nyingine. Suluhisho ni la kwenye bajeti: panga ununuzi mkubwa wote uingie awamu ya kwanza, na awamu ya mwisho ibebe gharama zinazoweza kusubiri, kama tathmini na uchapishaji wa ripoti. Kikundi kinachogawa kila mstari wa bajeti kwa uwiano uleule wa 50, 40 na 10 kinajifunga chenyewe.

Sharti jingine ni mchango wa kikundi. Programu ya GEF hutarajia jamii na washirika wachangie, na nguvukazi inahesabika. Tatizo huwa ushahidi. Daftari la nguvukazi liwe na safu sita: tarehe, jina, kazi iliyofanyika, saa, kiwango cha kibarua cha eneo kwa siku, na sahihi au dole gumba. Lijazwe siku ileile, pale pale kwenye kazi. Daftari lililojazwa usiku mmoja kabla ya ukaguzi hujulikana kwa macho: kalamu moja, mwandiko mmoja, saa nane kwa kila mtu kila siku. Na hapa tuseme wazi: mchango huu huwaelemea wanawake, kwa sababu ndio wanaochimba mitaro na kubeba maji. Kama saa zao zinahesabiwa kuwa mchango wa kikundi, basi nao wawe na viti kwenye kamati inayoamua mtaro upite wapi.

Dirisha la kugawa fedha za mfuko mkubwa

Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, GCF, haumpi kikundi fedha moja kwa moja. Hutoa kwa taasisi zenye ithibati yake, yaani zilizokaguliwa na kukubaliwa rasmi, na kuipata ithibati hiyo kumekuwa kukichukua miaka, si miezi. Hata daraja lake dogo kabisa la miradi linafika dola milioni 10. Kwa kikundi cha watu arobaini, ndoto ya kupata ithibati ni kupoteza muda. Njia ni kuingia chini ya taasisi ambayo tayari inayo, inayopokea fedha za mfuko mkubwa na kuzigawa kwa vikundi. Hilo ndilo dirisha la kugawa.

Mifano ipo. Namibia ilipata dola milioni 10 za GCF kupitia mfuko wake wa taifa wa uwekezaji katika mazingira, na fedha zikagawiwa kama ruzuku kwa asasi za kijamii zinazosimamia maliasili. Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, ulioundwa chini ya Itifaki ya Kyoto, ulitoa takriban dola milioni 2.4 kwa Afrika Kusini. Huko taasisi ya taifa ya bioanuwai, SANBI, ilisimamia ruzuku ndogo 12 katika wilaya za Namakwa na Mopani. Ruzuku kumi na mbili tu. Ndivyo njia hii ilivyo: fedha kwa kila kikundi ni nyingi kuliko za ruzuku ndogo za kawaida, lakini nafasi ni chache na maandalizi ni marefu. Katika mradi ule kila wilaya iliwekewa asasi ya kusaidia vikundi kuandaa maombi na kushughulikia manunuzi, na hapo ndipo tunapoona thamani ya mpango wa namna hii. Dirisha lisilo na msaidizi wa karibu huishia kwa asasi za mjini zenye wahasibu.

Upande wa jamii za asili kuna mfumo mahususi wa ruzuku, DGM, uliowekwa ndani ya Programu ya Uwekezaji wa Misitu, ambamo kamati za kitaifa zinaundwa na wawakilishi wa jamii zenyewe. Kama nchi yako imo, anzia hapo. Tofauti ya kukaa mbele ya kamati inayojua ardhi ya kimila ni nini, na kukaa mbele ya kamati inayodai hati miliki kwanza, ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya kiwango cha fedha.

Kinachokwama katika njia hii ni ngazi. Ukitaka kuhamisha fedha kutoka tangi la saruji kwenda bwawa la udongo kwa sababu mwamba umekutwa chini, ombi linapanda kwa msaidizi, kwa taasisi ya taifa, na pengine hadi kwa mfuko wenyewe. Mvua haisubiri barua. Omba mkataba uruhusu kuhamisha kiasi fulani kati ya mistari ya bajeti bila idhini. Asilimia 10 ni ombi la kawaida na hukubaliwa mara nyingi, ila hakuna atakayekupa usipoliomba kabla ya kutia saini.

Ngazi pia zina bei. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Glasgow, serikali tano na mashirika ya ufadhili 17 waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya jamii za asili na haki zao za ardhi. Ripoti ya mwaka wa kwanza ya wafadhili hao hao ilionyesha kuwa asilimia 7 tu ya zilizotolewa zilikwenda moja kwa moja kwenye mashirika ya jamii hizo. Zilizobaki zilipita kwa wengine.

Mfuko wa serikali ya mtaa

Mfano uliopevuka ni wa Kenya. Mifuko ya tabianchi ya kaunti ilianza Isiolo, ikaenea Wajir, Garissa, Kitui na Makueni, na utaratibu wake wa awali ulitenga asilimia 70 ya fedha za uwekezaji kwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima na 10 kwa uendeshaji. Baadaye Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2021 dola milioni 150 kwa FLLoCA, programu ya kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, iliyopeleka utaratibu unaofanana na huo katika kaunti nyingi zaidi.

Uzuri wake kwa jamii ya pembezoni ni kwamba kikundi hakihitaji usajili mkubwa, mhasibu wala ukaguzi wake. Wananchi wanapendekeza, kamati inachuja, serikali inanunua. Mradi unaingia kwenye mpango wa maendeleo, kwa hiyo kuna mahali pa kudai fedha za matengenezo. Hilo si dogo. Pampu ya sola iliyowekwa na mfadhili wa nje hukosa mtu wa kuishughulikia pale betri au kidhibiti chake kinapokufa. Iliyo kwenye rejesta ya idara ya maji angalau ina ofisi ya kulalamikia.

Ubaya nao unajulikana. Kikundi hakishiki fedha, hakimchagui mkandarasi, na mradi lazima uwe wa faida kwa umma: kisima, malambo, uzio wa malisho, kituo cha taarifa za hali ya hewa. Vyombo vya uvuvi vya kikundi kimoja havitapita. Fedha zikitoka mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, ununuzi unafanywa kwa pupa na bei hupanda. Na wafugaji wanaohama huwa mbali siku kamati inapochaguliwa. Ukitaka njia hii, tumia nguvu zako zote kwenye hatua mbili tu: uchaguzi wa kamati ya wadi na siku ya kupanga vipaumbele. Baada ya hapo karatasi ziko mikononi mwa wengine, nawe unabaki kufuatilia. Omba nakala ya makisio ya vifaa na gharama ya kazi, ubandike ukutani mahali watu wanapochota maji. Mkandarasi akiweka bomba la inchi moja badala ya moja na nusu, watoto watakuwa wa kwanza kusema.

Ruzuku kubwa ya serikali kuu

Marekani inatupa somo kamili la njia hii, kwa faida na hasara zake. Sheria ya mwaka 2022 iliyoitwa Inflation Reduction Act ilizaa ruzuku za haki ya mazingira chini ya wakala wa mazingira, EPA, zikiwemo zile za Community Change za takriban dola bilioni 2: fungu la kwanza la dola milioni 10 hadi 20 kwa mwombaji, la pili milioni 1 hadi 3. Asasi ya kijamii ilitakiwa kuomba pamoja na mshirika, aidha asasi nyingine ya aina hiyo, kabila linalotambuliwa, serikali ya mtaa au chuo.

Kwa fedha kama hizi kuna kazi ya miezi kabla ya andiko. Kwanza ni kupata namba ya utambulisho na kujisajili kwenye SAM, mfumo wa serikali wa kusajili wanaoomba fedha zake, ambako jina la kisheria na anwani vikitofautiana kwa herufi na hati nyingine, usajili unakwama kwa wiki. Usajili huo unahuishwa kila mwaka. Ukiisha katikati ya mradi, malipo yanasimama. Kisha kuna ukaguzi maalumu wa hesabu kwa anayetumia fedha za shirikisho zaidi ya kiwango fulani kwa mwaka, ambacho kilipandishwa kutoka dola 750,000 hadi milioni 1.

Gharama za uendeshaji ndipo njia hizi zinapotofautiana kimya kimya. Kanuni za Marekani za tangu Oktoba 2024 humruhusu mwombaji asiye na kiwango cha gharama hizo alichokubaliana na serikali kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazostahili, badala ya 10 ya zamani. Ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya kwa nchi za nje hukomea asilimia 7. Fanya hesabu: katika ruzuku ya jumla ya dola 50,000 yenye asilimia 7 inayokokotolewa juu ya gharama za moja kwa moja, si juu ya jumla, kinachobaki kwa kodi ya ofisi, mhasibu na umeme ni 3,271. Kwa asilimia 15 ni 6,522, kama gharama zote zinahesabika. Kama ukaguzi wa hesabu pekee unagharimu 2,500, ile ya kwanza haitoshi kuendesha ofisi, na kikundi kitaanza kula fedha za mradi mwingine. Dawa ni kuweka ukaguzi, benki na mhasibu kama mistari ya moja kwa moja ya bajeti, pale mfadhili anaporuhusu.

Kuhusu kurejeshewa: unatumia kwanza, unapeleka stakabadhi, unalipwa baadaye. Siku 30 hadi 60 ni mzunguko wa kupangia. Mradi unaotumia dola 40,000 kwa mwezi unahitaji basi mtaji wa 80,000 usioguswa, na asasi ya mtaa maskini haina. Uliza kama malipo ya awali yanaruhusiwa.

Na hatari kubwa kuliko zote ilionekana mwaka 2025, serikali mpya ilipofuta ruzuku nyingi za haki ya mazingira zilizokuwa zimeshasainiwa. Waliokuwa wameajiri na kusaini mikataba na makandarasi walibaki na madeni. Hili laweza kutokea kwa serikali yoyote. Kwa hiyo mikataba yako ya chini, ya wafanyakazi na wakandarasi, iwe na kipengele kinachosema kazi itasimama na malipo yatakuwa ya kazi iliyokwisha kufanyika pekee iwapo mfadhili atajiondoa.

Akaunti yako au ya mlezi?

Katika njia ya kwanza, ya pili na ya nne, kikundi kisichosajiliwa kinaweza kupitia taasisi mlezi inayopokea fedha kwa niaba yake, mara nyingi kwa ada ya asilimia 5 hadi 10. Tunaona ni chaguo zuri kwa ruzuku ya kwanza na baya kwa ya tatu, kwa sababu historia ya fedha inaandikwa kwa jina la mlezi na kikundi hubaki kana kwamba hakijawahi kusimamia hata senti. Kabla ya kusaini, makubaliano yataje siku ngapi mlezi anazo za kuhamisha fedha baada ya kuzipokea (10 zinatosha), vifaa ni mali ya nani mradi ukiisha, riba na faida ya kubadilisha fedha ni ya nani, na kwamba kikundi kinapata nakala ya kila ripoti iliyokwenda kwa mfadhili. Ripoti hizo ndizo ushahidi wako siku ukienda peke yako.

Nani achukue ipi

Kikundi kipya chenye wazo la kujaribu, kama aina za mbegu, majiko au upandaji wa mikoko, kianze na ruzuku ndogo na kisiombe kiwango cha juu. Kilichomaliza ruzuku mbili na kuwa na hesabu zilizokaguliwa kinaweza kusimama mbele ya dirisha la kugawa. Kama hitaji lenu ni kisima, barabara ya kukimbilia mafuriko au malambo ya kata nzima, msiandike andiko kabisa. Nendeni kwenye kamati za serikali ya mtaa, kwani hakuna mfadhili mdogo atakayetunza miundombinu hiyo kwa miaka kumi na tano. Ruzuku kubwa ya serikali kuu waachieni wenye mshirika mwenye mtaji, nanyi muingie kama mshirika mdogo mwenye sehemu ya bajeti iliyoandikwa kwa jina lenu kwenye mkataba mkuu. Ahadi ya mdomo ya kushirikishwa haina mstari wa bajeti.

Kwa njia yoyote, pitisha bajeti kwenye kipimo kimoja cha usawa: tafuta fedha za nauli ya wanaokaa mbali, za mtu wa kuangalia watoto wakati wa vikao, za mkalimani wa lugha ya alama au wa lugha ya wenyeji, na za vikao vya kutafuta ridhaa huru kabla ya kazi kuanza kwenye ardhi ya jamii za asili, sharti ambalo GCF imeliweka kwenye sera yake tangu 2018. Zikikosekana, wanaotajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko hawatakuwepo kwenye karatasi ya mahudhurio.

Na ofisa wa mfadhili akipokea simu, muulize maswali haya kabla ya kuandika sentensi moja: ripoti huchukua siku ngapi kusomwa, mwaka jana mlitoa awamu ya pili kwa wangapi kwa wakati, na bei au thamani ya fedha ikibadilika baada ya kusaini, pengo linazibwa na nani?